Vifaa vya mazoezi ya boling: kipi kinafaa pesa, kipi kitaishia kabatini

Vifaa vya kumnoa mchezaji wa boling ni vya namna mbili. Vipo vinavyokuonyesha unachofanya, na vipo vinavyojaribu kukufanyia. Wauzaji husifu zaidi vya aina ya pili, kwa kuwa ndivyo vyenye vyuma, skrubu na rangi za kung'aa. Katika tathmini hii vya aina ya kwanza ndivyo vinavyoongoza, na sababu ni hesabu tu. Njia ya boling ina mbao 39 katika upana wa sentimita 105 hivi, yaani kila ubao una takribani sentimita 2.7. Kutoka mstari wa faulo, yaani ule ambao mchezaji haruhusiwi kuuvuka, hadi pini ya kwanza ni futi 60, sawa na mita 18.29, na mishale imechorwa kati ya futi 12 na 16. Tufe likikosa mshale wa futi 15 kwa ubao mmoja na kwenda moja kwa moja, litafika kwenye pini likiwa limekosa kwa mbao nne. Mtu anayetembea huku akibembeza kilo saba hana jicho la kukamata kosa la sentimita 2.7. Anahitaji kitu cha kulikamatia.

(Maelezo yote ni ya anayerusha kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.)

Simu, stendi na kipande cha tepu

Ukiwa na uwezo wa kifaa kimoja tu, basi ni hiki: simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde, stendi ya miguu mitatu isiyotikisika, na tepu nyeupe.

Picha zinahitajika kutoka pande mbili, lakini si kwa mpigo mmoja. Ya kwanza ni ya nyuma. Weka simu nyuma ya eneo la hatua, kimo cha kiuno, kwenye mstari mmoja na bega lako la kulia na mshale unaoulenga. Hapo utaona kama mkono unabembea kwa kunyooka au unazunguka nyuma ya mgongo, na kama miguu inahama kushoto kadiri unavyokaribia mstari. Ya pili ni ya ubavuni, kimo cha nyonga, ikitazama sambamba na mstari wa faulo. Hii huonyesha goti limekunjwa kiasi gani, kifundo cha mkono kimesimama au kimelala nyuma, na kama mguu unaoteleza umefika kabla tufe halijaachiwa.

Kosa kubwa la wengi ni kuweka simu mshazari. Ikihama nusu hatua tu kutoka kwenye mstari wa bembea, mkono ulionyooka utaonekana umepinda, na mtu atashinda mwezi mzima akirekebisha kosa ambalo hana. Weka alama ya mahali pa stendi ili video ya wiki hii ilingane na ya wiki ijayo. Epuka pia lenzi pana ya simu, kwa sababu hupinda mistari iliyo kingoni mwa picha. Rudi nyuma utumie lenzi ya kawaida. Ukumbi ukiwa na mwanga hafifu, fremu 240 zitatoa picha nyeusi yenye chengachenga, hivyo shuka hadi 120.

Tepu ni ya kuhesabia mizunguko ya tufe. Futa tufe likauke, maana njia hupakwa mafuta, na kwenye mafuta tepu haikai, kisha bandika kipande cha urefu wa kidole mahali kitakapoonekana kutoka nyuma. Rusha, rudisha video polepole, na uanze kuhesabu fremu tangu tepu ilipo juu hadi irudi juu. Gawanya 14,400 (fremu 240 mara sekunde 60) kwa idadi hiyo. Fremu 48 ni mizunguko 300 kwa dakika, fremu 36 ni mizunguko 400. Hesabu mzunguko wa kwanza baada ya tufe kutoka mkononi, kwa sababu likishashika ubao mkavu mbele hubadilika. Anayerekodi kwa fremu 30 atagawanya 1,800, na hapo ndipo hesabu inapoharibika: fremu 6 humpa 300, fremu 7 humpa 257. Fremu moja aliyohesabu vibaya imemla mizunguko 43. Kwa fremu 240, kosa hilohilo linapunguza sita tu. Tepu ni ya mazoezi, ibandue kabla ya mchezo wowote wenye alama.

Kasi nayo hutoka kwenye video ileile ya nyuma. Tafuta fremu ambayo tufe linavuka mstari wa faulo na ile linayogusa pini ya kwanza, pata sekunde zilizopita, kisha gawanya 65.8 kwa sekunde hizo. Sekunde 2.5 ni kilomita 26.3 kwa saa, kwa wastani wa njia nzima. Saa ya kubonyeza kwa kidole haifai kazi hii: ukichelewa kuianza kwa sekunde 0.2, tufe hilohilo litasomeka 28.6. Kasi inayoonyeshwa kwenye ubao wa alama wa ukumbi nayo usiilinganishe na ya ukumbi mwingine. Tufe hupungua mwendo likiwa njiani, kwa hiyo namba hutegemea kipimo kimefungwa wapi.

Kwa kuchora pembe na mistari juu ya video, Kinovea ni programu ya bure ya kompyuta za Windows na inatosha kabisa. Video zenyewe zihifadhi kwako, si ndani ya programu ya mtu. Coach's Eye, iliyotegemewa na makocha wa michezo mingi, ilifungwa mwaka 2022.

Kinga ya kifundo cha mkono: dawa yenye sumu ndani yake

Hiki ndicho kifaa kinachouzwa sana na kutumiwa vibaya sana. Kazi yake ni kuzuia kifundo kisilale nyuma pale mkono unapofika chini kabisa ya bembea. Kifundo kikilala, dole gumba huchelewa kutoka, vidole viwili vya kati vinakosa nafasi ya kulizungusha tufe, na tufe linaondoka likiwa butu.

Kinga za kitambaa cha mpira hupasha joto na kukumbusha tu, hazishiki chochote. Zenye kipande kigumu mgongoni mwa kiganja hushika kifundo kwenye pembe moja. Za chuma zinazorekebishwa, mfano Robby's Revs, hukuruhusu kuchagua pembe ya kukikunja kifundo kwa ndani. Kwa mtu mwenye bembea iliyotulia, hizi za mwisho ni nzuri kweli: unapata mkono uleule mara baada ya mara. Kwa anayeanza, hapana. Atajifunza pembe ya chuma kabla hajajua ya mkono wake.

Ukiinunua, anza na pembe ya sifuri, kifundo kikiwa kimenyooka na mkono wa mbele. Funga mkanda wa mkono wa mbele kwanza, wa kiganjani baadaye, na uache nafasi ya kupitisha kidole kimoja chini ya kila mkanda. Ikibana zaidi, mkono utavimba, na dole gumba lililoingia vizuri mwanzoni mwa mazoezi litakwama kabla hujamaliza. Kisha watu hulaumu tundu la tufe. Ongeza pembe hatua moja kwa wakati, urushe angalau matufe kumi kabla ya kugusa tena. Dalili za kuzidisha ni tatu: mkono wa mbele unauma, kiwiko kinaanza kukunjika wakati wa kuachia, na matufe yanavuta kushoto tangu kwenye mishale.

Wauzaji wengi hawatakwambia hili: kama huwezi kukisimamisha kifundo bila kinga hata kwenye mrusho wa taratibu, kwanza kagua tufe. Uzito wa juu unaoruhusiwa ni ratili 16, kilo 7.26, na hakuna sheria inayokulazimisha kuufikia. Kagua pia umbali kati ya tundu la gumba na matundu ya vidole. Ukiwa mrefu kupita mkono wako, kiganja hutandazika na kifundo hakina budi kulala. Fundi wa kutoboa matufe atarekebisha hilo mara moja, na kinga huenda isihitajike tena.

Tepu ya tundu na soli za kubadilisha

Hivi viwili vina gharama ndogo na faida kubwa, wala havihitaji maneno mengi. Dole gumba hunenepa na kupungua kwa joto, maji na muda wa kucheza. Tepu nyembamba maalumu hubandikwa ndani ya tundu, moja juu ya nyingine, kuufuata mkono wako. Bandika tepu laini upande wa kucha ili upande wa nyama usipoteze mguso wake, na uongeze au utoe moja tu kwa wakati. Tundu likiwa pana, utalikaba tufe bila kujijua, na mkono uliokaba haubembei. Ukiona ngozi imechubuka kwenye kifundo cha gumba, hapo ndipo pa kuanzia kutafuta.

Viatu vyenye soli za kubandua huja na pedi zenye namba: S kwa soli, H kwa kisigino, namba kubwa ikiwa ya utelezi zaidi. Wengi hubadilisha soli na kusahau kisigino, wakati breki ya mwisho iko kisiginoni. Mguu ukikwama ghafla, mwili hupinduka mbele na tufe hudondoka kwa kishindo. Ukiteleza kupita kiasi, goti halipati pa kutulia. Badilisha kimoja, jaribu, kisha kingine. Na usikanyage nje ya eneo la hatua na pedi hizo, kwa sababu tone moja la maji kwenye soli linatosha kukuangusha.

Mitambo ya kufuatilia tufe

Specto ya kampuni ya Kegel ndiyo inayojulikana zaidi kumbini. Hufungwa na ukumbi, si mchezaji, kwa hiyo unachonunua ni saa ya mazoezi pamoja na kocha. Inakupa kasi, ubao ambao tufe limetua, ubao wa kwenye mishale, mahali lilipopindia, na ubao na pembe ya kuingilia kwenye pini.

Thamani yake haimo kwenye mrusho mmoja mzuri. Rusha kumi kwa shabaha moja bila kutazama skrini, na mwambie msaidizi aandike shabaha uliyokusudia, maana mtambo haujui ulikuwa unalenga wapi. Kisha soma mtawanyiko, si wastani. Mahali pa kutua pakitofautiana kwa mbao tatu huku mbao za kwenye mishale zikikaribiana, miguu ndiyo inayohama na mkono unajitahidi kufidia. Mahali pa kutua pakiwa palepale na mishale ikatawanyika, tatizo ni mkono. Hili la kutenganisha miguu na mkono hakuna kifaa kingine kwenye orodha hii kinacholifanya kwa namba, na ndilo linalohalalisha ada yake.

Pembe ya kuingilia ndiyo inayowavutia wengi. Shabaha ni pengo la kati ya pini ya 1 na ya 3, karibu na ubao wa 17.5 ukihesabu kutoka kulia, kwa nyuzi 4 hadi 6. Tufe linaloenda moja kwa moja halifiki hapo, huingia kwa nyuzi chini ya 2, likagonga pini ya kwanza na kusukumwa pembeni kabla ya kuifikia ya 5. Ila usikimbilie kubadilisha mkono kwa sababu pembe imeshuka katikati ya mazoezi. Mafuta ya njia huliwa na kusukumwa mbele na kila tufe linalopita, hivyo namba zinaweza kuhama wewe ukiwa hujabadilisha kitu. Muulize mhudumu urefu wa mafuta kwa futi, utoe 31: mafuta ya futi 40 yanataka tufe litoke kwenye mafuta karibu na ubao wa 9. Namba za mtambo zikiwa mbali na hapo, hamisha miguu kwanza. Futa tufe kwa taulo kila baada ya mrusho pia, la sivyo nusu ya mtawanyiko utakaousoma ni wa mafuta yaliyobaki juu ya tufe.

Vya nyumbani

Matufe ya sponji, vipini vya kubembezea, vitu vyepesi vya kuiga mwachio: karibu vyote vina kasoro moja, uzito. Bembea ya boling huendeshwa na uzito wa tufe lenyewe. Ukibembeza kitu cha gramu mia chache, misuli ndiyo inayofanya kazi, na unajizoeza kinyume cha unachotaka.

Kitu pekee chepesi kinachofaa ni mpira wa raga. Ushike kwa chini, mtupie mwenzako kwa mkono wa chini kutoka hatua nne. Ukizunguka kwa mhimili wake bila kuyumba, mkono ulikuwa nyuma na chini ya mpira kabla ya kupita pembeni. Ukiyumbayumba, ulizungusha mapema. Kwa tufe halisi, zoezi la kupiga goti moja karibu na mstari wa faulo na kuachia bila hatua linafundisha kuliko vyote vinavyouzwa kwenye maboksi kwa ajili ya sebuleni, na halina gharama zaidi ya muda wa njia.