Kusawazisha Sauti ya Nyimbo Zako: Programu Ipi Uchukue, na Ipi Inafaa Kulipiwa

Aliyekusanya muziki kwa miaka mingi huwa na taarabu iliyotolewa kwenye kanda, rumba iliyonakiliwa kutoka CD na Bongo Fleva iliyopakuliwa juzi, na zote zikichanganywa katika orodha moja, mkono hauondoki kwenye kitufe cha sauti. Kosa si la spika. Kwa miongo kadhaa studio zimeshindana kuubana muziki ili usikike kwa nguvu kuliko wa jirani, ilhali rekodi nyingi za zamani ziliacha nafasi pana kati ya sauti ndogo na sauti kubwa.

Dawa yake ilipendekezwa na David Robinson mwaka 2001, nayo huitwa ReplayGain. Programu huupima wimbo mzima, hukadiria jinsi sikio litakavyouhisi ukubwa wake, kisha huandika kwenye lebo ya faili, pale panapokaa jina la msanii na la albamu, ni desibeli ngapi ziongezwe au zipunguzwe wakati wa kucheza. Muziki wenyewe hauguswi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, mnunuzi aulize kama kifaa chake kinaisoma lebo hiyo. Redio nyingi za magari na spika za kuchomeka flashi haziisomi, na huko hata upimaji bora kabisa hautaleta tofauti yoyote. Mpangilio ufuatao umezingatia jambo hilo kuliko jingine lolote.

Nafasi ya kwanza naipa foobar2000, programu ya bure ya Windows. Hupima maelfu ya nyimbo kwa mkupuo, za MP3, FLAC (faili zinazohifadhi sauti bila kupunguza ubora) na aina nyingine za faili, na huandika vipimo viwili: cha wimbo mmoja mmoja na cha albamu nzima. Tofauti hiyo ina uzito. Msikilizaji anayechanganya nyimbo atumie kipimo cha wimbo. Anayesikiliza albamu tangu mwanzo hadi mwisho atumie cha albamu, la sivyo wimbo wa taratibu ambao msanii alikusudia uwe mnyenyekevu utapandishwa ulingane na ule wa kuchezesha watu. Kilichoipa ushindi hasa ni kwamba inaweza pia kuyatia mabadiliko ndani ya faili lenyewe la MP3, na hapo hata redio isiyosoma lebo itatii.

Ya pili ni MP3Gain, nayo ya bure. Haijapata toleo jipya kwa miaka mingi, sura yake ni ya kizamani na haishughulikii FLAC, lakini kwa mtu ambaye shida yake yote ni flashi ya gari, sijui chombo kilicho chepesi kuliko hiki. Hubadilisha ukubwa wa sauti kwa hatua za desibeli 1.5 bila kuusimba wimbo upya, yaani bila kuutengeneza tena kuwa MP3, hivyo ubora haupungui, na huhifadhi kumbukumbu inayowezesha kurudisha hali ya awali mradi lebo zake zisifutwe. Lengo lake la kawaida ni desibeli 89, na wengi hulalamika kwamba nyimbo zimekuwa ndogo. Waliache hapo hapo, kisha waongeze sauti kwenye amplifaya. Ukilipandisha mno, vilele vya sauti hukatwa na wimbo huanza kukwaruza.

Ya tatu ni Poweramp ya simu za Android, ambayo hulipiwa baada ya muda wa majaribio. Huzisoma lebo za ReplayGain vizuri, ila nyimbo zipimwe kwanza kwenye kompyuta. Hata hivyo foobar2000 ya simu hufanya kazi hiyo hiyo bila malipo. Kwa maoni yangu fedha ya Poweramp inunue mpangilio wake mzuri wa besi na trebo, wala si usawazishaji.

Sound Check ya Apple naiweka ya nne. Ni swichi moja tu katika mipangilio ya iPhone, na kwa asiyetoka nje ya vifaa vya kampuni hiyo inatosha. Walakini vipimo vyake huhifadhiwa kwa mtindo wa Apple wenyewe, hivyo usitarajie vikufuate utakapohamia simu nyingine au flashi.

Mwisho kabisa ni vifaa na programu zinazobana sauti papo hapo, ambazo wauzaji huzisifu kuwa husawazisha kila kitu. Hizi hazitofautishi wimbo na wimbo: ndani ya wimbo ule ule huinua pumzi ya mwimbaji na kuishusha ngoma, hata udi na fidla vikakosa kupanda na kushuka kwake. Zinafaa kwa filamu usiku, watoto wakiwa wamelala. Kwa maktaba ya muziki sioni sababu ya kuzilipia, na fedha hiyo ingefaa zaidi kununua diski ya kuhifadhia nakala ya nyimbo zote kabla programu yoyote haijaanza kuzigusa.