Uzoefu wangu wa miezi minane na 4G iliyohamishiwa kwenye masafa ya zamani ya 2G

Kwa miaka mitatu chumba ninachofanyia kazi kilinilazimisha kuiacha simu dirishani. Hatua mbili tu kutoka kwenye kioo, ndani ya kuta za zege lenye nondo, alama ya 3G (kizazi cha tatu cha mtandao wa simu) ilishuka hadi mstari mmoja, na kila nilipojaribu kupakia faili la sauti la saa moja, maana kazi yangu ni kuhariri mahojiano yaliyorekodiwa, lilifika robo ya safari likakwama. Kupakua nako kulikuwa kwa kuvizia, lakini kupakia ndiko kulikoniumiza zaidi. Nilifikiria kuihama kampuni hiyo ya simu, ila laini mbili za kampuni nyingine nilizoazima kwa majaribio zilishindwa vilevile katika chumba hicho, kwa hiyo nikabaki nilipokuwa.

Mabadiliko yalikuja bila shamrashamra. Nilipokea ujumbe mfupi wa kunijulisha kwamba usiku ule kungekuwa na kazi ya kuboresha mtandao na kwamba huduma ingeweza kukatika kwa saa chache. Asubuhi yake simu ilionesha 4G nikiwa nimeketi kwenye meza yangu, si dirishani. Nilifungua programu inayosoma taarifa za mnara ambao simu imeunganishwa nao, nikakuta nipo kwenye bendi ya 8, yaani masafa ya mawimbi ya redio ya MHz (megahezi) 900, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa makazi ya 2G. Mnara ulikuwa uleule wa zamani na masafa yalikuwa yaleyale ambayo kampuni ilikuwa imepewa tangu awali. Kilichobadilika ni kwamba sehemu ya masafa hayo iliondolewa kwenye 2G na kukabidhiwa 4G.

Namna 2G ilivyopangwa ndiyo inayoeleza kwa nini jambo hilo liliwezekana. Mfumo wa GSM, yaani hiyo 2G yenyewe, ambao huduma yake ya kwanza ya kibiashara ilianza nchini Finland mwaka 1991, huyagawa masafa katika vijia vyembamba vyenye upana wa kHz 200 kila kimoja (kHz 1,000 ni MHz 1). Watu wanapohamia kwenye simu janja na mazungumzo ya 2G kupungua, kampuni inaweza kuwasogeza watumiaji waliobaki katika vijia vichache, na vijia 25 vinavyopakana vikishaachwa wazi huwa vimefanya MHz 5, upana unaotosha kuwasha 4G. Mfumo wa 3G ulidai MHz 5 kamili kwa mkupuo mmoja, lakini 4G ilibuniwa iweze kukaa katika upana wa MHz 1.4, 3, 5, 10, 15 au 20, kwa hiyo kampuni inaweza kuanza na kipande kidogo na kukipanua kadiri 2G inavyozidi kupungukiwa na watumiaji.

Kwa muda mrefu kikwazo kilikuwa sheria kuliko mitambo. Barani Ulaya, agizo la mwaka 1987 lilitenga masafa ya MHz 900 kwa ajili ya GSM, na halikulegezwa ili kuruhusu teknolojia nyingine hadi mwaka 2009. Nchini Uingereza, mwaka 2012, mamlaka ya mawasiliano Ofcom iliiruhusu kampuni ya Everything Everywhere kutumia masafa yake ya zamani ya MHz 1800 kwa 4G, na huduma ikazinduliwa tarehe 30 Oktoba mwaka huo, kabla ya mnada wa masafa mapya ya 4G uliofanyika mwanzoni mwa mwaka 2013. Washindani wake walilalamika, na ukitazama faida waliyoikosa, malalamiko yao yanaeleweka: anayeruhusiwa kuyatumia upya masafa aliyo nayo huwatangulia wale wanaosubiri kugawiwa mapya.

Sasa nirudi chumbani. Huduma yangu ya awali ya 3G ilikuwa kwenye MHz 2100, ambako urefu wa wimbi ni takribani sentimita 14; kwenye MHz 900 urefu huo ni takribani sentimita 33. Hata kabla ya kuhesabu kuta, na tukichukulia antena za aina moja na umbali uleule, wimbi la MHz 900 humfikia mpokeaji likiwa na nguvu takribani mara tano ya lile la MHz 2100, na kuta zikiingia katika hesabu tofauti kwa kawaida huongezeka. Jambo ambalo watu wengi hawalitaji ni upande wa simu yenyewe. Mnara hurusha kwa makumi ya wati, lakini simu ya 4G kwa kawaida hurusha kwa wati 0.2 tu, hivyo katika chumba chenye kuta nene mnara huendelea kusikika kwenye simu wakati simu imeshaacha kusikika mnarani. Ndiyo sababu zamani niliweza kufungua ukurasa wa habari nikashindwa kupakia faili, na ndiyo sababu faida kubwa niliyoiona baada ya mabadiliko ilikuwa kwenye kupakia. Faili lililokuwa likikwama asubuhi nzima sasa hufika ndani ya dakika chache, nikiwa mezani na mlango umefungwa. Betri pia hudumu zaidi, kwa sababu simu hailazimiki kurusha kwa nguvu yake ya mwisho muda wote.

Kasi ya kupakua inahitaji kuelezwa kwa uangalifu, maana hapo ndipo matarajio ya wengi hupotoka. Nilipima kila asubuhi na kila jioni kwa wiki ya kwanza, kisha mara moja kwa wiki hadi leo. Asubuhi hupata megabiti 11 hadi 14 kwa sekunde. Kati ya saa mbili na saa nne usiku hupata tatu au nne, na siku chache imeshuka chini ya mbili. Kwanza nilidhani kuna hitilafu, lakini upana wa masafa unatoa jibu. Kipande cha MHz 5 cha 4G ya kawaida yenye antena mbili kina kilele cha takribani megabiti 37 kwa sekunde, na kiasi hicho ni cha watu wote wanaotumia upande huo wa mnara kwa pamoja. Kipande cha MHz 20 kingefikia takribani 150. Kwa hiyo alama ya 4G juu ya skrini hainielezi mengi. Watu wawili wanaweza kuwa na alama hiyo hiyo huku njia ya mmoja ikiwa na upana mara nne ya njia ya mwenzake. Masafa ya chini hufika mbali na kupenya kuta, lakini kwa kawaida kila kampuni huwa nayo kidogo, na sehemu yake hulazimika kuachiwa 2G kwa kuwa wapo wanaoitegemea.

Kuna kasoro iliyonisumbua kwa wiki kadhaa kabla sijaielewa. Nikiwa nje, mahali ambapo mnara huo huo hutoa pia 4G kwenye MHz 1800 ikiwa na upana mkubwa zaidi, simu iliendelea kung'ang'ania MHz 900 kwa sababu mawimbi yake yalikuwa na nguvu zaidi, nami nikawa napata kasi ndogo mahali ambapo zamani nilipata kubwa. Niliripoti suala hilo mara mbili. Baada ya mwezi mmoja hivi hali ilibadilika. Nadhani walirekebisha vigezo vinavyoiamuru simu ihamie bendi ipi, kwa maana sasa nikitoka nje huhamia MHz 1800 ndani ya sekunde chache.

Suala la kupiga simu ndilo lililonikera kuliko yote, na ndilo ninalotaka wasomaji walizingatie kabla ya kufurahia ujumbe wa maboresho. 4G ilijengwa kusafirisha data. Ili mazungumzo yapite humo, inahitajika huduma ya VoLTE, yaani sauti inayosafiri ndani ya 4G yenyewe, na huduma hiyo lazima iwepo upande wa kampuni, upande wa laini na upande wa simu. Isipokuwepo, simu hulazimika kushuka hadi 3G au 2G kila unapopiga au kupigiwa. Kampuni yangu ilipokuwa ikihamisha masafa ilizima pia 3G, kwa hiyo simu yangu ikawa inashuka moja kwa moja hadi 2G: nilibonyeza kupiga, nikasubiri sekunde saba au nane kabla mlio haujaanza, na muda wote wa mazungumzo intaneti ilikatika. Upakiaji niliokuwa nimeuanzisha ulikufa kila mteja aliponipigia.

Nilipopiga huduma kwa wateja, mhudumu wa kwanza alinielekeza nizime simu na kuiwasha tena. Wa pili, ambaye alinisikiliza kwa subira, aliniuliza aina ya simu kisha akaniambia, "Simu yako inaweza, ila bado haijafunguliwa kwa mtandao wetu, subiri sasisho la programu." Sasisho lilifika baada ya wiki saba. Tangu hapo simu huita ndani ya sekunde mbili na sauti ni safi kuliko niliyoizoea. Ninamshukuru mhudumu yule, lakini kampuni ilikuwa na orodha ya simu zilizofunguliwa na zisizofunguliwa tangu mwanzo, na haikuitangaza.

Mama yangu aliathirika zaidi yangu. Yeye hutumia simu ndogo ya vitufe ya 2G, anaipenda kwa sababu chaji yake hukaa siku nne, na hakuwa ameomba kasi yoyote. Kijia kimoja cha GSM kwa kawaida hubeba mazungumzo yasiyozidi manane kwa wakati mmoja, kwa hiyo vijia vilipopunguzwa, saa za jioni alianza kuambiwa kwamba mtandao una shughuli nyingi, hasa katika muda ambao ndugu huwa wanatafutana. Alidhani laini yake imeharibika. Hakupata ujumbe wowote wa kumweleza kinachoendelea; ujumbe wa maboresho nilioupata mimi ulihusu usiku mmoja tu wa kazi. Sioni sababu ya kampuni inayojua ni laini zipi bado zimo kwenye simu za 2G kushindwa kuwaandikia wenye laini hizo miezi kadhaa mapema. Baadaye nilimtafutia simu nyingine ya vitufe, yenye 4G na VoLTE, na tatizo likaisha, lakini gharama ilikuwa juu yetu.

Hatari ya jambo hili imeonekana wazi kwingine. Nchini Australia, kabla ya kampuni za Telstra na Optus kuanza kuzima mitandao yao ya 3G tarehe 28 Oktoba 2024, iligundulika kwamba zipo simu zinazotumia 4G kwa data na mazungumzo ya kawaida lakini hutegemea 3G zinapopiga namba ya dharura 000, na serikali ikaweka sharti kwamba simu za namna hiyo zizuiwe kwenye mitandao. Mwenye simu kama hiyo asingejua chochote hadi siku ya ajali. Kila nchi huchagua pia kizazi cha kuzima kwanza: nchini Marekani AT&T ilizima 2G mwanzoni mwa mwaka 2017 na 3G Februari 2022, ilhali nchini Ujerumani kampuni kubwa zilizima 3G mwaka 2021 na kubakiza 2G, ambayo bado inahudumia simu za zamani na mita na vifaa vya tahadhari vyenye modemu za 2G. Mimi naona njia ya Ujerumani ina huruma zaidi kwa mtumiaji, mradi 2G inayobakizwa isikondeshwe hadi ishindwe kubeba jioni moja ya kawaida.

Hivi karibuni simu yangu imeanza kuonesha 5G kwenye masafa yale yale ya MHz 1800. Hapa kampuni inatumia mbinu ya kushirikisha masafa, ambapo 4G na 5G hugawiana njia moja kwa vipande vya milisekunde kulingana na mahitaji. Kasi niliyoipima haikutofautiana na ya 4G, na sikushangaa, kwa sababu njia haijapanuliwa na ishara za lazima za 4G zinaendelea kuchukua nafasi yake. Nisingenunua simu mpya kwa ajili ya alama hiyo.

Kwa chumba changu ninaipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Kwa jinsi watumiaji wa 2G walivyotendewa, siwezi kuipa zaidi ya mbili. Mwezi uliopita niliiandikia kampuni nikiomba mambo mawili: itangaze kwa kila eneo bendi inazotumia na upana wake, na iweke hadharani orodha ya simu zilizofunguliwa kwa VoLTE. Orodha sasa ipo kwenye tovuti yao. Kuhusu upana, walinijibu kwamba kipande cha MHz 900 kwenye mnara wetu kitapanuliwa hadi MHz 10 watumiaji wa 2G watakapopungua, bila kutaja tarehe, nami nimewauliza tena ni lini na ni nani atakayewajulisha watumiaji hao kabla ya siku hiyo.