Jedwali la deraya katika Dungeons & Dragons 3.5: majitu yamevishwa karatasi

Toleo la 3.5 la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa hadithi, lililotoka mwaka 2003, lina jedwali dogo la deraya (mavazi ya vita ya kujikinga) za viumbe wenye maumbo yasiyo ya kawaida. Deraya ya kiumbe wa ngazi ya kwanza juu ya binadamu (futi 8 hadi 16) ina uzito mara 2. Ngazi ya pili (futi 16 hadi 32) ni mara 5, ya tatu mara 8, na ya mwisho, kuanzia futi 64, mara 12. Ni namba nyepesi kukumbuka na hazikwamishi mchezo. Ukizishikia kalamu, hazisimami.

Anzia juu kabisa. Kila ngazi kimo kinakuwa maradufu ya ile iliyotangulia, kwa hiyo jitu la ngazi ya mwisho ni kama mara 16 ya binadamu, futi 96 hivi. Eneo la kufunikwa halikui kama kimo, linakua kama kimo mara kimo: 16 kwa 16, yaani 256. Chuma kikiwa na eneo mara 256 na uzito mara 12 tu, lazima bamba lipungue unene mara 21. Bamba la milimita 2 linabaki chini ya milimita 0.1, ambao ni unene wa ukurasa wa daftari. Hilo ndilo linalotakiwa kuzuia mkuki mrefu kama mlingoti.

Ngazi za chini kosa linajificha zaidi, ila lipo. Chukua jitu la moto la mchezo huohuo: futi 12, mzingo wa kifua futi 9, uzito pauni 7,000. Binadamu wa futi 6 mwenye kifua cha inchi 40 analingana nalo hivi: kimo mara 2, mzingo mara 2.7. Zidisha, eneo ni mara 5.4. Deraya ya pauni 50 ikibaki na unene uleule inakuwa pauni 270, karibu kilo 122. Jedwali linasema pauni 100. Ukitaka na bamba lenyewe liwe nene maradufu, kama inavyostahili mpiganaji wa kimo hicho, andika 540. (Tukiwa hapohapo: binadamu wa pauni 200 akikuzwa kwa vipimo hivyo anafika pauni 2,900 hivi, si 7,000. Mwili wa jitu la moto una uzito wa zege.)

Kinachokera ni kwamba kitabu chenyewe kinaijua kanuni. Kwenye orodha ya bidhaa, nguo za wahusika wadogo, ambao kimo chao ni kama nusu ya binadamu, zina robo ya uzito. Nusu kwa nusu ni robo. Hesabu safi kabisa. Kwenye deraya za wahusika haohao, uzito unakuwa nusu. Kanuni mbili, kiumbe mmoja. Sababu inaonekana ukitazama uwezo wa kubeba wa viumbe wa miguu miwili: mara 2, 4, 8, 16 kadiri ngazi zinavyopanda. Uzito wa deraya umekatwa ukae karibu na namba hizo ili jitu lisielemewe na mavazi yake. Ni namba ya kusawazisha mchezo, na kwa kazi hiyo inatosha. Kuitumia kukadiria joho, koti au viatu vya jitu la hadithi yako ni kosa.

Kwa nguo, njia sahihi si ndefu. Chukua vazi la binadamu, lipime, kisha uzidishe kwa uwiano wa kimo na kwa uwiano wa mzingo. Kwa jitu lililokuzwa mara 3 kila upande: shati la gramu 250 linakuwa kilo 2.25, suruali ya jinzi ya gramu 700 inakuwa kilo 6.3, koti la sufu la kilo 2 linakuwa 18. Usikisie mzingo kutokana na kimo. Robert Wadlow, mtu mrefu kuliko wote waliopimwa, alikuwa na mita 2.72. Mtu wa mita 1.75 na kilo 70 akikuzwa hadi hapo angekuwa na kilo 263, lakini Wadlow alipofariki mwaka 1940 alikuwa na kilo 199.

Viatu havimo kwenye hesabu ya eneo. Mwili umekuwa mzito mara 27, nyayo zimekuwa pana mara 9, hivyo kila sentimita ya soli inabeba mara 3. Soli lazima inenepe na iwe ngumu zaidi. Kiatu kinafuata ujazo, na jozi ya kilo 1 inafika 27.

Je, kitambaa nacho kinenepe? Kwa ajili ya baridi, hapana. Kwa kanuni ya Kleiber ya mwaka 1932, inayosema joto la mwili hukua kama uzito kwa kipeo cha robo tatu, joto linalozalishwa na mwili huo linapanda karibu mara 11.8 huku ngozi ikipanda mara 9 tu. Kila kipande cha ngozi kinatoa joto mara 1.3, kwa hiyo jitu litatokwa jasho ndani ya sufu ya kawaida.

Kwa mwonekano, ndiyo, na hapa ndipo wachoraji hukosea. Kitambaa kilekile juu ya jitu hulegea kama hariri, kwa sababu mikunjo yake inabaki midogo ileile huku vazi likiwa kubwa. Ili mikunjo ikue mara 3, unene unapaswa kukua kama mara 5.2, si 3, kwa hesabu ya kitambaa kinachopinda kama bamba moja. Koti lile la kilo 18 linaruka hadi 94 hivi. Afadhali kuongeza bitana ngumu sehemu chache kuliko kunenepesha koti zima.

Kitambaa hakitachanika kwa uzito wake. Uzi wa pamba ungelazimika kuning'inia kilomita kadhaa kabla ya kukatika. Kinachoachia ni mshono. Koti limekuwa zito mara 9, mshono wa bega umekuwa mrefu mara 3, kila sentimita inavutwa mara 3, na matundu ya sindano yanaanza kupanuka. Shona mistari miwili au mitatu, weka utepe ndani ya bega, na uongeze idadi ya vifungo badala ya kuvikuza tu. Kumbuka pia upana wa jora: mgongo wa sentimita 60 unakuwa 180, na jora la sentimita 150 haliutoshi, hivyo mshono wa katikati ya mgongo hauepukiki.

Kwa anayetaka kubaki na jedwali la deraya, futa safu ya uzito uandike 4, 16, 64, 256, kwa unene wa bamba usiobadilika. Kisha itazame safu ya bei, ambayo kwa viumbe wenye umbo la binadamu ni 2, 4, 8, 16: mhunzi wa ngazi ya mwisho atakuwa anauza chuma cha deraya 256 kwa bei ya deraya 16.