Kitufe cha Spoiler cha Telegram: kinafaa kiasi gani kwa magrupu ya series na gemu?

Kwa grupu la kujadili series au gemu, Telegram inastahili kuchaguliwa kwa sababu ya kitufe kimoja tu: Spoiler, kilichokuja mwishoni mwa Desemba 2021. Maneno uliyoyachagua yanafunikwa na vidoti vinavyochezacheza, na msomaji hayaoni mpaka ayaguse. Uzuri wake hasa ni kwamba yanabaki yamefunikwa hata kwenye orodha ya chati na kwenye arifa. Watu wengi huharibiwa uhondo na arifa, hata kabla hawajafungua grupu.

Kwenye Android, andika ujumbe, shikilia neno, buruta mpaka uchague sehemu yote, gusa vidoti vitatu, kisha Spoiler. Kwenye kompyuta ni Ctrl+Shift+P. Unaweza pia kuweka mistari miwili ya wima kila upande, ||hivi||, kama ilivyo Discord, programu nyingine ya kuchati. Picha na video nazo zinafichika, kupitia vidoti vitatu kabla hujatuma. Angalia lakini: maelezo ya chini ya picha hayafichwi pamoja nayo. Yafunike kivyake, la sivyo picha itafichwa huku maneno yakisema kila kitu.

Kasoro yake kubwa ni kwamba ukigusa sehemu moja, zote zilizofichwa ndani ya ujumbe huo hufunguka. Hapa Discord iko mbele, kila kipande hufunguliwa peke yake. Kwa hiyo ukitaka kuzungumzia epsodi ya 3 na ya 7, tuma ujumbe mbili. Ujumbe wa sauti haufunikiki kabisa, na ndiko wengi wanakoropoka.

Ila kitufe hakimsaidii asiyejua cha kufunika. Chukua mfano huu: "Siamini kama ||Juma|| amekufa!" Jina limefichwa, kifo kimeachwa wazi. Mtazamaji aliyebakiza epsodi mbili atakaa akihesabu nani bado yuko hai. Andika hivi: "Msimu wa 2, epsodi ya 7, dakika za mwisho: ||Juma amekufa||." Nje kuwe na mahali tulipofika tu, tukio lote liingie ndani. Kwa gemu taja sura au misheni, maana kila mtu anacheza kwa kasi yake na tarehe ya kutoka haisemi lolote.

Muda nao ni wa kuzingatia. Series inayorushwa New York Jumapili saa 3 usiku, wakati wa kiangazi chao, kwetu ni Jumatatu saa 10 alfajiri. Wapo wanaosubiri bando la usiku, na wapo wanaosubiri toleo lililotafsiriwa na dijei. Kuwaambia "mngeangalia mapema" ni kuwaonea. Admini mzuri aagize kufunika angalau mpaka epsodi inayofuata itoke, na msimu uliotoka wote kwa mpigo ufunikwe kwa wiki kadhaa.

WhatsApp haina kitufe hiki. Kinachosaidia ni kuanza na onyo na jina la epsodi, kisha nukta moja kwa kila mstari, mistari mingi, mpaka habari yenyewe ijifiche chini ya "Soma zaidi". Na ukinakili ujumbe uliofunikwa Telegram ukaubandika huko, maneno yatafika wazi.