Vipande 60 vya kupanga: seti nzuri, unene ndio unaonikera

Nafundisha chekechea, na seti hii ya maumbo ya mbao ndiyo ninayoitoa kabatini mara nyingi kuliko zote. Hesabu yake imetulia: maumbo 5, rangi 3, ukubwa wa aina 2, unene wa aina 2. Zidisha upate 60, na hakuna vipande viwili vinavyofanana kwa kila kitu. Utamu uko hapo. Mtoto akishika pembetatu kubwa nyekundu nyembamba, mwambie atafute kipande kinachotofautiana nayo kwa jambo moja tu. Utaona macho yanavyohangaika!

Wadogo wangu karibu wote huanza na rangi. Wengine hubadili kanuni katikati ya kazi: wanakusanya vyekundu, mara wanafuata miraba. Usiwakatize. Waulize tu, "Hiki kimekaa hapa kwa nini?" Jibu lao litakueleza mengi kuliko rundo lenyewe.

Lawama yangu ni unene. Tofauti kati ya kinene na chembamba ni ndogo mno, ukitazama kwa juu huioni. Siku hizi nawafunga macho kwa kitambaa wapapase, na umekuwa mchezo wanaougombania, ingawa mtengenezaji hastahili sifa kwa hilo. Kifuniko cha kisanduku nacho hakibani.

Wenye watoto wa chini ya miaka 3, subirini. Vile vidogo vitaishia mdomoni. Kwa wakubwa kidogo, kama mfuko umekaza, vifungo vya nguo vya matundu mawili na manne vinafanya nusu ya kazi hii.