Kashfa mtandaoni: jinai au madai?

Mwandishi akishutumiwa kumchafulia mtu jina mtandaoni, kuna njia mbili. Ya kwanza ni jinai: polisi, mahabusu, kifungo. Ya pili ni madai: mlalamikaji anafungua kesi mwenyewe, na akishinda analipwa fidia.

Kinachonitisha zaidi katika jinai ni simu, kuliko hata kifungo. Ikishachukuliwa kama ushahidi, yanaondoka nayo majina, namba na jumbe za kila mtoa habari aliyemwamini mwandishi huyo. Hata akiachiwa huru baada ya mwezi, nani atampigia tena? Na kifungo chenyewe si kitisho tu. Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso, alihukumiwa miezi 12 jela mwaka 2012 kwa makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka, na gazeti lake likafungiwa miezi 6. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba kifungo hicho kilikiuka uhuru wa kujieleza.

Madai ni afadhali, tena kwa mbali. Lakini wenye fedha wameyageuza silaha: Daphne Caruana Galizia, mwandishi wa habari wa Malta, aliuawa mwaka 2017 akiwa na kesi za kashfa zaidi ya 40, nyingi za madai. Ndiyo maana nayaunga mkono pale tu ambapo fidia ina kikomo na jaji anaweza kuitupa mapema kesi iliyofunguliwa ili kumchosha mwandishi. Umoja wa Ulaya ulipitisha kinga ya kuitupa mapema kesi ya aina hiyo mwaka 2024, kwa kesi zinazovuka mipaka.