Reveal Q+ ya sumukuvu: kijiti hakina neno, angalieni bambo

Kwa ghala linalopokea mahindi kwa lori, kijiti hiki cha kampuni ya Neogen cha kupimia sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu ya ukungu kwenye nafaka, kinafaa. Hakiishii kusema sumu ipo au haipo. Kinatoa namba, kuanzia 2 hadi 150 ppb, yaani mikrogramu kwa kilo. Kikomo cha Afrika Mashariki kwa mahindi, aflatoksini zote kwa jumla, ni 10, basi pale penye ubishi kinafika.

Gramu 10 za unga, mililita 50 za ethanoli ya asilimia 65, tikisa dakika 3, chuja. Vuta maikrolita 100 za mchujo, tia kwenye maikrolita 500 za kimiminika cha kuzimulia, changanya, kisha hamishia maikrolita 100 kwenye kikombe cha pili. Simamisha kijiti dakika 6, mashine ya kusomea vijiti isome namba papo hapo. Mwenye spiriti ya asilimia 95 achukue mililita 684 na kujazia maji hadi lita 1.

Wapimaji wapya hukwama kwenye mistari, maana wamezoea kipimo cha mimba. Hapa mambo ni kinyume. Kingamwili zenye chembe za dhahabu zikikutana na sumu njiani zinashikana nayo, hazibaki za kunasa kwenye mstari wa kipimo. Sumu ikizidi, mstari unafifia. Ukikosekana mstari wa udhibiti, ule unaoonyesha kuwa kijiti kimefanya kazi, tupa kijiti, anza upya.

Lawama nyingi kinazobebeshwa kijiti ni za bambo, kile chuma cha kuchoma gunia na kutoa punje za sampuli. Sumukuvu haitapakai sawasawa: punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, na anayechoma magunia ya mlangoni tu anapima bahati. Choma juu, kati na chini, magunia mengi, changanya, saga kilo nzima, ndipo utoe zile gramu 10. Unga uwe laini kama kahawa ya kusaga. Zikibaki chenga, ethanoli haifiki ndani, namba inashuka na mzigo mbaya unapita.

Vijiti vinataka nyuzi 18 hadi 30. Boksi lililosahauliwa ndani ya gari juani, Februari ya Dar es Salaam, msilitumie. Kopo la vijiti lifungwe kila mkitoa kimoja. Unyevu wa pwani hausubiri.

Kasoro kubwa: kinajumlisha aflatoksini zote, wakati B1, aina mojawapo, ina kikomo chake cha 5. Mzigo uliosoma 8 unaweza kupita kwa jumla na kuanguka kwa B1. Huo upelekeni maabara yenye HPLC, mashine inayopima kila aina peke yake, kabla ya kusaini.